Vijana wa kipaimara karakanani: jibu langu kwa mzee mwenzangu wa kanisa

Bwana Yesu asifiwe, mkuu. Umeeleza kwamba mchungaji amekuomba uwachukue vijana wanne wa usharika, wa miaka 16 hadi 19, waliomaliza kipaimara na sasa hawasomi wala hawana kazi, uwafundishe useremala huku ukiwalea kiroho. Umeuliza uanzie wapi, uwalipe au usiwalipe, na ufanye nini wakikukosea. Mimi ni seremala hapa Njombe na mzee wa kanisa katika mtaa wetu wa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, na vijana wa usharika wamekuwa wakipita mikononi mwangu kwa miaka mingi. Vumilia urefu wa jibu, jambo hili liko moyoni mwangu.

Naanza na malipo, maana hapo ndipo malezi mengi ya kanisa yanapoharibikia. Walipe. Walipe tangu wiki ya kwanza, hata kama kijana bado anafagia maranda na kukushikia ubao upande wa pili. Nimeona mafundi wanaoheshimika kanisani wakimchukua kijana wa kwaya, wakamtumikisha mwaka mzima kwa chakula cha mchana na maneno ya "wewe si unajifunza?", na siku akiuliza habari ya pesa anasomewa 2 Wathesalonike 3:10, asiyetaka kufanya kazi na asile. Mbona hasomewi Walawi 19:13, kwamba ujira wa kibarua usilale kwako hadi asubuhi? Kijana hatakujibu, kwa sababu wewe ni mzee wa kanisa na bibi yake anakuheshimu. Ataacha tu kuja ibadani taratibu, na nyinyi mtakaa kwenye baraza la wazee mkijiuliza vijana wa siku hizi wamepatwa na nini.

Si lazima kiwe kiasi kikubwa. Kiwe kinajulikana, kitoke siku inayojulikana, na kiongezeke kadiri mkono wake unavyokomaa. Mimi nalipa Jumatano. Ukilipa Jumamosi jioni msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, pesa inaishia kilabuni kabla haijafika nyumbani. Jumatano wenzake wengi hawana kitu, na soko lipo wazi. Na fungu la kumi usimkate. Hata kama ni kwa nia njema, hata kama mchungaji amekudokeza, usiguse. Sadaka aitoe mwenyewe kwa mkono wake, au asitoe.

Pili, andikeni. Wenzetu Wakatoliki walilijua hili zamani. Don Bosco, padri wa Turin kule Italia, mwaka 1852 alisimamia mkataba wa kijana aliyekwenda kujifunza useremala. Fundi alijifunga kumfundisha kazi kwa miaka miwili, kumrekebisha kwa maneno tu bila kipigo, kutomtumikisha kazi zisizohusu ufundi, na kumwachia sikukuu zote. Ni karatasi ya zaidi ya miaka 170, lakini ukiisoma utadhani iliandikwa kwa ajili ya karakana za kwetu, maana makosa ni yale yale: kijana amekuja kujifunza randa, unamkuta anachota maji kwa mama mwenye nyumba na kukata majani ya ng'ombe. Mimi naandika ukurasa mmoja: muda, malipo, atakachofundishwa mwaka wa kwanza na wa pili, saa za kazi, Jumapili ni yake. Anasaini yeye, mimi na mlezi wake, mwinjilisti wa mtaa anakuwa shahidi. Nakala moja inabaki kwao.

Mlezi nasema kwa makusudi. Mkoa wetu unajulikana ndio unaoongoza nchini kwa maambukizi ya VVU, na wengi wa vijana ninaowapokea wamelelewa na bibi zao. Hawajawahi kukaa karibu na mwanaume mtu mzima siku nzima wakamwona anavyofanya kazi, anavyokasirika na kutulia, anavyoongea na mkewe kwenye simu, anavyojibu mteja aliyemdhulumu. Hilo ndilo utakalowafundisha kwa wingi kuliko useremala, upende usipende. Kwa hiyo swali lako la "nianze vipi kuwalea kiroho" mimi ningelijibu hivi: tunasali kwa ufupi asubuhi kabla ya kugawana kazi, basi. Sihubiri kwenye benchi. Kijana aliyeshika patasi hana pa kukimbilia, na mahubiri kwa mtu asiyeweza kuondoka ni kumwonea.

Nikupe mfano mmoja. Kijana wangu mmoja alikuwa anatengeneza fremu ya mlango ya mama mmoja muuza viazi sokoni. Tundu alilipasua kwa patasi likawa pana kuliko ulimi wa mbao unaoingia humo. Badala ya kuniita, akachanganya gundi na vumbi la mbao, akashindilia, akapiga msumari kwa nyuma, akapitisha msasa. Kwa macho usingeona kitu. Mimi kila fremu naishika pembe mbili za mshazari naisukuma, na ile ikalia na kucheza. Kijana akainama. Sikupiga kelele na sikufungua Biblia. Nilimwambia achukue mbao nyingine, gharama ni yangu, aanze upya, na mama akija yeye ndiye atamweleza kwa nini mlango umechelewa. Mama alikuja. Kijana akamwamkia, akasema, "Mama, nilikosea kiungo nikakificha, fundi akakiona." Yule mama alimsema kwelikweli, maana fundi wa kupachika alikuwa ameshalipwa anamsubiri. Akachukua mlango wake siku iliyofuata bila hata kutabasamu. Lakini tangu hapo kijana yule akikosea ananiita kabla hajagusa gundi, na sasa yeye ndiye anayesukuma fremu za wengine. Mafundisho yetu ya toba kwenye kipaimara aliyakariri vizuri tu na cheti alipata. Kuungama kwa mtu uliyemkosea, akiwa mbele yako na amekasirika, alijifunzia pale mlangoni.

Sasa swali lako zito, wakikukosea. Kuna makosa ya kazi, hayo tumeyasema. Kuna wizi: anayeiba mara ya kwanza mpe nafasi nyingine kwa masharti, na alipe kidogokidogo kutoka kwenye mshahara. Akirudia, mwachishe kwa heshima na umweleze mlezi wake ana kwa ana. Usilipeleke kwenye matangazo ya kanisa. Na kwa jumla, unayoyajua kwa sababu ya karakana yasigeuke taarifa za baraza la wazee. Vijana wanajua wewe umekaa viti viwili, na siku wakigundua kwamba ulichoambiwa ukiwa unaranda kimefika kwa mchungaji, umewapoteza wote, si yule mmoja.

Ila lipo ambalo litakufika tu, nalo ni mimba. Kijana wangu mwingine, mzuri wa kazi, mwimba besi wa kwaya, alimpa ujauzito binti wa watu. Usharika ukamtenga kwa utaratibu wetu: hashiriki meza ya Bwana, kwaya akasimamishwa. Mimi nilikuwa kwenye kikao kile na sikupinga, utaratibu naukubali. Jioni yake nilimfuata kwao nikamwambia kesho aje kazini saa ile ile. Baadhi ya wazee walinijia juu, wakasema nadhoofisha nidhamu ya kanisa. Nikawauliza, mtoto akizaliwa atakula nini? Kutengwa ni ili mtu arudi kundini, na mtu harudi akiwa amekimbilia Dar es Salaam. Ningemwachisha kazi siku ile, angepanda basi, na binti angebaki na mtoto peke yake, kama tunavyoona kila mwaka. Alibaki. Alilipa gharama za kwa wakwe alizopangiwa, alitengeneza kitanda kwa mbao nilizomkopesha, na baada ya muda walirudishwa kundini wote wawili wakafunga ndoa mbele ya usharika. Kuna mzee mmoja hadi leo hanielewi, na tunakaa naye benchi moja kila Jumapili. Hapa nakusihi mkuu: kabla hujawapokea, kubaliana na mchungaji kwamba adhabu ya kanisa haitakuwa adhabu ya kazi. Mkubaliane mapema, moyo ukiwa umetulia, maana siku jambo likitokea watu husema kwa hasira.

Kuhusu Jumapili sina mengi. Wateja wa nyumba mpya wanapenda kusukuma, "njoo tumalizie Jumapili fundi." Kataa hata ukipoteza kazi. Kijana akiona unaacha pesa kwa ajili ya ibada, ameelewa. Na kwenye mnada baada ya ibada, mahindi na kuku wa sadaka vinapouzwa, waache vijana wapige bei kwa pesa yao. Nimemwona kijana akinunua kuku wa mnada kwa mshahara wake wa kwanza akampelekea bibi yake, na alitembea barabarani kama mtu mzima.

Usalama usiusahau. Mashine ya kuranda na msumeno wa mezani wa umeme havina huruma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza walio chini ya miaka 18 kufanya kazi za hatari, kwa hiyo wale wa 16 na 17 waanze na msumeno wa mkono, randa ya mkono na jiwe la kunolea. Na hata bila sheria ningekwambia hivyo hivyo. Anayejua kunoa patasi mpaka inyoe nywele za mkono anaielewa mbao. Aliyeanzia kwenye swichi anaikata tu. Wafundishe pia kupanga mbao mbichi za paina kwa tabaka, na vipande katikati ili upepo upite. Mbao zetu za huku nyanda za juu zinavunwa changa na zinapinda, na nusu ya ugomvi wa fundi na mteja unatokana na mbao isiyokauka.

Mwisho wa miaka miwili kijana asitoke mikono mitupu. Mimi kila mwezi naweka akiba yake pembeni kwa makubaliano, tunaandika wote wawili kwenye daftari, na siku anaondoka tunakwenda dukani pamoja: msumeno, randa, patasi za upana tofauti, nyundo, tepu, skweya. Halafu mpeleke VETA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya ufundi stadi. Wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya chuo: anapimwa kwa kazi na maswali, penye upungufu anaelekezwa, akifaulu anapata cheti. Bila cheti hicho atabaki deiwaka, kibarua wa kutwa, kwenye miradi mikubwa, hata akiwa hodari kuliko msimamizi wake. Wapo watakaofungua karakana mtaa wa pili na kukuchukulia wateja. Wabariki na uwape namba za wauza mbao wako. Mmoja wa kwangu ananishinda kwa makabati ya jikoni, na mteja akija na kazi hiyo namwelekeza kwake.

Sasa wale wanne. Usiwachukue wote kwa pamoja. Wanne kwenye karakana ya fundi mmoja watafundishana wenyewe kwa wenyewe, na hutajua nani amejifunza nini. Chukua wawili, yule mkubwa wa 19 na mmoja mdogo, ili mkubwa baada ya miezi kadhaa amwelekeze mdogo. Wale wengine wawili mwambie mchungaji azungumze na fundi mwingine wa usharika, awe wa kuchomelea vyuma au umeme, maana si kila kijana ana mkono wa mbao. Na kabla ya yote nenda kwao ukakae na walezi wao, unywe chai, uulize kijana anapenda nini. Ukipata nafasi rudi utuambie mlifikia wapi na mchungaji kuhusu lile suala la adhabu.