Ukienda kununua laptopu ya mtumba, beba flashi

Laptopu yangu ya kwanza ya mtumba niliinunua Kariakoo baada ya kuikagua dakika tano. Kioo safi, Windows iliwaka upesi, betri ilisoma asilimia 100. Nikalipa. Nyumbani nikapiga Linux Mint, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ndipo nikaona nilichobeba: Wi-Fi haikuonekana kabisa, na ile betri iliyojaa haikumaliza hata saa moja. Kuhusu kurudisha, risiti ilikuwa imeshasema: mali ikishauzwa hairudishwi.

Tangu siku ile sinunui mashine, wala simsindikizi ndugu kununua, bila flashi mfukoni.

Flashi ya GB 8 inatosha. Pakua ISO ya Linux Mint, yaani faili lenye mfumo wote (ni karibu GB 3, kwa hiyo subiri bando la usiku), kisha iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus au Ventoy. Dukani zima mashine, chomeka, washa huku ukibonyeza F12 kwa ThinkPad (laptopu za Lenovo) na Dell, au F9 kwa HP. Mint itawaka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Mweleze muuzaji hilo mapema, maana wengi wakisikia Linux wanadhani unakwenda kuwafutia Windows. Akikataa katakata hata baada ya kuelezwa, nenda duka la pili.

Anza na Wi-Fi. Washa hotspoti ya simu yako uone kama mashine inaikamata. Isipoikamata, si lazima iwe mbovu. Zipo kadi za Wi-Fi ambazo draiva zake, yaani programu za kuziendesha, haziji na kerneli, kiini cha Linux. Mimi niliokolewa na waya wa simu: niliichomeka, nikaruhusu simu igawe intaneti kwa USB, Mint ikapata mtandao palepale na Driver Manager ikaleta draiva. Lakini zikiwapo mashine mbili za bei moja, kwa nini ujitafutie kazi? Kadi za Intel hazijawahi kunisumbua.

Betri ndipo watu wanapopigwa. Ile asilimia 100 unayoonyeshwa ni 100 ya kilichobaki, si ya betri ilipokuwa mpya. Fungua terminali, dirisha la kuandikia amri, andika upower -d, halafu tafuta mistari miwili: energy-full-design, yaani uwezo iliotoka nao kiwandani, na energy-full, uwezo ilionao leo. Yangu ilisoma Wh 48 na Wh 17 (Wh ni wati-saa, kipimo cha umeme ambao betri inabeba). Ningeisoma dukani, ningeomba nipunguziwe kiasi cha bei ya betri mpya. ThinkPad T450 na T480 zina betri mbili, moja ndani na moja nje, kwa hiyo soma zote.

Kisha fungua programu ya Disks, uangalie taarifa za SMART, kumbukumbu za afya ya diski: saa ambazo imefanya kazi na sekta zilizohamishwa, yaani vipande vilivyoharibika ambavyo diski imevibadilisha kwa vya akiba. Sekta zikiwa zimeanza kuhamishwa, hesabu kwamba utanunua SSD, diski mpya ya kasi. Fungua kihariri cha maandishi ubonyeze kila herufi. Funika mashine, hesabu hadi thelathini, ifunue. Kama haiamki, utasumbuka nayo kila siku.

La kukufanya uondoke bila mjadala ni nywila ya BIOS, mipangilio ya msingi inayowaka kabla ya Windows au Linux. Mashine nyingi za mtumba zimetoka maofisini, na kwenye ThinkPad nywila ya msimamizi haifutiki kwa kuchomoa betri ndogo ya CMOS kama mafundi wengine wanavyoahidi. Ingia BIOS mwenyewe kabla ya kutoa hela.

Usiogope umri wa mashine. Microsoft ilisitisha msaada wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa upande wa Intel, prosesa za kizazi cha 8 kuendelea. T450 ni ya kizazi cha 5, imeachwa nje. Mint haina masharti hayo. Ukiipa T450 RAM ya GB 8 na SSD, ni mashine kamili ya ofisi na masomo. X250 ni ndugu yake mdogo, ila ina nafasi moja tu ya RAM.

Mwezi uliopita nilikwenda na mdogo wangu anayeanza chuo. Ya kwanza ilidai nywila ya BIOS, ya pili haikuamka ilipofunuliwa. Ya tatu ilikuwa na mikwaruzo mgongoni, betri Wh 41 kati ya 48. Tukaichukua hiyo.