Jibu: Kula Mambo Msiige bila kulala hotelini

Dada, umeuliza kama mtu asiyelala hoteli ya Park Hyatt pale Shangani, Zanzibar, yenye jengo la Mambo Msiige, anaruhusiwa kwenda kula. Anaruhusiwa, ila piga simu mapema uombe meza ya barazani upande wa bahari. Fika kama saa kumi na moja jioni, uyaone majahazi yakipita jua likizama.

Kabla ya kukaa, omba kuzungushwa jengo la zamani, Mambo Msiige, maana hoteli ina majengo mawili na la pili ni jipya. Hili lilijengwa katikati ya karne ya 19, na wazee husimulia kwamba chokaa yake ilichanganywa na mayai. Jina lenyewe ni majigambo: msiige, hamtaweza! Liliwahi kuwa ubalozi mdogo wa Uingereza, baadaye ofisi za serikali. Hoteli ilifunguliwa 2015, baada ya mabishano makali kuhusu urithi wa Mji Mkongwe.

Bei imechangamka, sikufichi. Mimi huagiza samaki tu, kisha natembea hadi bustani ya Forodhani kumalizia na urojo. Vaa nguo ya heshima, vichochoro vya kule vina watu wazima.