Maswali na majibu: Jengo la sifuri halisi linaanzia kwa fundi

Nimefunga sola juu ya paa. Je, jengo langu limefikia sifuri halisi?

Bado, ingawa umeanza vizuri. Sifuri halisi maana yake jengo lisiongeze hewa ukaa angani, ukijumlisha yote. Sola inapunguza hewa ukaa ya kuliendesha jengo: taa, kupoza, kupasha joto. Ya saruji, nondo na matofali ilishatoka kabla hujahamia. Saruji peke yake inachangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa inayozalishwa na binadamu, na zaidi ya nusu yake hutoka kwenye mawe ya chokaa yenyewe yakichomwa, si kwenye kuni au makaa ya tanuri. Hesabu ianzie kwenye ramani.

Mimi ni mwashi wa miaka 20. Hii BIM si ya wahandisi tu?

Hapana, ndugu yangu, ni yako pia. BIM ni jengo lililojengwa kwanza ndani ya kompyuta, kila ukuta na vipimo vyake. Mhandisi akipunguza unene wa slabu, programu inamwonyesha papo hapo saruji iliyookolewa. Lakini kompyuta haimwagi zege. Ukiongeza mfuko mmoja "kwa usalama", ile hesabu imekufa.

Tazama kipimo cha uvujaji wa hewa, kinachoonyesha pale ubaridi au joto la ndani linapotorokea. Feni kubwa inafungwa mlangoni na kuvuta hewa nje mpaka tofauti ya mgandamizo ifike paskali 50, kisha mtu anapita na kijiti cha moshi. Mbele ya soketi moshi unayumba ghafla: fundi umeme alipitisha nyaya, akasahau kuziba. Kiwango cha Passivhaus, cha majengo yanayotumia nishati kidogo sana, kilichoanzia Ujerumani, hakiruhusu hewa ya ndani kubadilika zaidi ya mara 0.6 kwa saa katika kipimo hicho. Fundi aliyeuona moshi ule kwa macho yake hasahau tena kuziba. Mafunzo ninayoyatamani ndiyo hayo.

Kampuni yetu ni ndogo. Mafunzo tuanzie wapi?

Kwenye simu zilizo mifukoni. Ramani ya leo isomwe saiti, si karatasi ya mwezi jana, maana kubomoa na kurudia ni kutumia saruji mara mbili. Kila bomba lipigwe picha kabla ya plasta. Mfundisheni nyapara kwanza. Na siku ya mafunzo ilipwe kama siku ya kazi. Kibarua hawezi kuacha mkate wa watoto aje darasani.

Jengo limekwisha. Vihisi vya nini tena?

Kuonyesha umeme unaotumika kweli, ambao mara nyingi huzidi makadirio: viyoyozi vinanguruma usiku kucha na ofisi hazina mtu. Awepo tu mtu aliyefundishwa kuzisoma takwimu hizo, na mwenye ruhusa ya kuzima.