Waya wa mgongoni hupimwaje?

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu alibeba magunia ya dagaa katika mwalo wa Kirumba, hapa Mwanza, mpaka mgongo ukamshinda. Upasuaji haukumwondolea maumivu, ndipo akapandikizwa nchini India kifaa cha umeme cha kutuliza maumivu, chenye waya unaopita mgongoni, na sasa anataka kurudi mwaloni. Mimi ni fundi wa injini za boti, najua waya unaokunjwa kila siku hukatika. Je, huo wa mgongoni umepimwa na nani, na kwa namna gani? Msomaji, Mwanza.

JIBU: Wasiwasi wako una msingi, kwa kuwa tangu kifaa cha kwanza cha aina hii kilipopandikizwa nchini Marekani mwaka 1967, waya kuhama au kukatika ni miongoni mwa hitilafu zake zinazojulikana sana. Kupima ni wajibu wa mtengenezaji, naye huongozwa na kiwango cha kimataifa cha ISO 14708-3.

Kwa kuwa mwili una majimaji ya chumvi, maabara huloweka waya katika maji yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, kwa joto la nyuzi 37, kisha huuvuta na kuchunguza kama umeme unavuja kwenye ganda lake. Kipimo kizito zaidi, kwa maoni yangu, ni cha kukunja: waya huning'inizwa katika tundu lenye mdomo uliopanuka kama wa tarumbeta, ukapindwa huku na huku bila kupumzika. Kiwango cha Ulaya cha waya za vifaa vya mapigo ya moyo, ambazo ni jamaa ya karibu ya huu, hudai mikunjo isiyopungua 47,000.

Hata hivyo, mashine hukunja kwa kipimo kilekile kila mara, wala haijui uzito wa gunia la dagaa begani, na haiwezi kuthibitisha kwamba pale daktari alipoufunga waya kwenye nyama ya mgongo patashika. Kovu huhitaji majuma kadhaa kukomaa, na katika kipindi hicho kuinama, kujipinda na kunyanyua mizigo ndiko huuhamisha waya. Kwa hiyo asibebe chochote kizito kabla daktari aliyempandikiza hajamruhusu, na kazi ya magunia naona aiache kabisa.

Msisimko wa umeme wa kifaa aliouzoea ukihama ghafla au ukikoma, apigwe picha ya eksirei, ambayo huonyesha kama waya umehama. Mpasuko mdogo waweza kujificha, lakini kompyuta ya kifaa chenyewe hupima ukinzani, yaani jinsi umeme unavyozuiwa kupita, na ukipanda mno hushukiwa kwamba waya umekatika. Kadi ya kifaa, yenye jina la mtengenezaji na namba ya modeli, aitunze mfukoni, nawe ubaki na nakala yake.