"Dada, Nimechelewa?" Kabla Sijakujibu, Msikie Marigol

Juzi usiku binti mmoja wa Kihonda ameniandikia: "Shikamoo kocha. Nina miaka 23, timu imeniacha kwenye usajili. Dada, nimechelewa?" Sikumjibu palepale. Ningemjibu kwa hasira, na hasira zenyewe si zake, ni zangu za mwaka 2004.

Mwaka huo nilikuwa na miaka 14, winga wa kulia kwenye timu ya wavulana ya mtaani kwetu Morogoro. Kichwa kipara, bukta ya kaka. Tukaingia nusu fainali ya kombe la mbuzi. Tumeshapanga mstari wa ukaguzi, mzee mmoja wa kamati akanishika mkono, akanitoa. "Binti, kamsaidie mama yako jikoni." Watu wakacheka. Tulifungwa 1-0, mimi niko nje nimeshika dumu la maji. Kaka zangu wa timu hawakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yule mzee.

Siku chache baadaye, Desemba hiyohiyo, redio ikatangaza kwamba FIFA imemkatalia mwanamke wa Mexico kuchezea timu ya wanaume. Nilidhani wananisema mimi.

Anaitwa Maribel Domínguez, wenyewe wanamwita Marigol. Alizaliwa 1978, akakulia Valle de Chalco, pembezoni mwa jiji la Mexico. Utotoni alicheza na wavulana, nywele fupi, akijiita Mario, nao wakaamini ni mwenzao. Mwaka 1999 alifunga bao la kwanza kabisa la Mexico kwenye Kombe la Dunia la wanawake. Walikuwa wanacheza na Brazil, wakapigwa 7-1, ila hilo moja ni lake. Akaenda Marekani, akaichezea Atlanta Beat. Mwaka 2003, siku chache kabla ya Kombe la Dunia, ligi ile ya wanawake ya Marekani ikafa kwa kukosa fedha.

Sasa fikiria. Una miaka 26, umetoka Olimpiki ya Athens mkafika robo fainali, na nyumbani kwenu hakuna ligi ya wanawake ya kulipwa. Celaya, klabu ya wanaume ya daraja la pili, ikamtaka. Tarehe 19 Desemba 2004 FIFA ikasema lazima soka la wanaume na la wanawake litenganishwe. Kwisha.

Mimi baada ya kutolewa kwenye mstari ule nililala na mpira uvunguni kwa miezi minne bila kuugusa. Yeye mwaka uliofuata, 2005, alikuwa Barcelona, timu ya wanawake, anafunga. Hapo ndipo tulipoachana mimi naye, na nalisema hili bila kujificha: kipaji alinizidi, sawa, lakini hata kwenye kununa alinizidi, maana hakununa muda mrefu.

Novemba 2010, mjini Cancún, Mexico iliifunga Marekani 2-1, ushindi wao wa kwanza kabisa dhidi ya wanawake wale. Bao la kwanza la nani? La Marigol, zikiwa zimebaki kama wiki mbili atimize miaka 32. Ushindi huo ndio uliowapeleka Kombe la Dunia la Ujerumani 2011, na huko pia alifunga, kwenye sare ya 2-2 na New Zealand. Halafu wewe wa miaka 23 unaniuliza umechelewa.

Ligi ya kulipwa ya wanawake Mexico ilianza 2017, yeye ana miaka 38. Mwaka uliofuata fainali ya Monterrey na Tigres ilijaza watu 51,211 uwanjani. Sijui kama niseme ni haki au dhuluma. Ya kwetu ilianza 2016, mimi nina miaka 26, nikaiwahi. Nimecheza misimu mitatu mpaka goti likanisimamisha, na jezi yangu ninayo, haijafuliwa tangu mechi ya mwisho. Baadaye Mtanzania mwenzetu Julietha Singano akatoka Simba Queens akaenda kucheza FC Juárez, hukohuko Mexico ambako Marigol ilibidi aondoke ili acheze.

Ushauri mnaoutaka ni huu, na wanangu wa mazoezini wameshauchoka: cheza. Timu imekuacha, cheza mchangani. Mchangani hakuna, cheza na wavulana, wakikutoa tafuta wengine. Usikae ukingojea mtu akuombe radhi, mimi nimengojea miaka zaidi ya ishirini na yule mzee alishafariki. Mabinti wa siku hizi mnapenda kupiga picha na viatu vipya, mazoezi ya saa kumi na moja alfajiri hamji. Marigol hakuwa na simu ya kumwonesha mtu anateseka. Alikuwa anacheza tu. Cheza!

Najua nimeshaanza kuhubiri. Mama yangu huniambia nimekosa msikiti tu.

Mdogo wangu wa Kihonda, Jumamosi saa kumi jioni tupo uwanjani. Winga wangu wa kulia kaolewa Dodoma, nafasi iko wazi. Njoo na viatu, soksi na vikinga ugoko ninavyo.