Vifuniko vimevimba

Swali: Shikamoo shangazi. Huku Ilula nyanya zimeshuka bei, nikapika rojo na vitunguu, nikajaza chupa. Sasa vifuniko vimevimba. Nichemshe tena?

Jibu: Marahaba mwanangu. Hapana, wala usionje! Fukia mbali na kuku. Kitunguu hupunguza uchachu, na uchachu ukipungua sumu huweza kujitengeneza bila hata kunuka.

Pika nyanya tupu mpaka rojo iwe nzito. Vitunguu utakaanga siku ya kula. Kila chupa ya nusu lita tia kijiko kikubwa cha maji ya limao ya dukani (ya mtini uchachu wake hautabiriki). Funga, zamisha sufuriani, maji yafunike vifuniko, yatokote dakika 45. Pwani 35 zinatosha. Kwenu mlimani maji huchemka kabla hayajapata moto sawasawa.