Chaneli isifunguliwe kwa Gmail ya mtu wa promo

Mkuu, usimtumie huyo jamaa wa promo hiyo pesa. Na kama umeshatuma, chaneli ya YouTube asiifungue yeye.

Unasema mdogo wako ana wimbo uko tayari, na jamaa wa promo anataka milioni moja na nusu: redio, TV za mtandaoni, kurasa za udaku Instagram, kiki moja ya mapenzi (stori ya kutengeneza ili jina livume), halafu "atawafungulia kila kitu" kwa sababu nyie bado wageni. Ukauliza kama bei ni ya haki, muanze redio au TikTok, na mkataba uwe wa miezi sita au mwaka. Wadau huko juu wanabishana bei. Bei! Hicho kipengele cha "kila kitu" hakuna aliyekigusa, na ndicho kilichonimaliza mimi.

Nilikuwa namsimamia mpwa wangu, mtoto wa dada. Anajua kuimba, na naweza kumsifu bila aibu kwa sababu kipaji hakukitoa upande wetu. Mtangazaji mmoja wa redio, ambaye sauti yake tunaisikia tangu tuko shule, ndiye aliyetuunganisha na jamaa wetu wa promo. "Huyo ni mtu wangu, mpeni kila kitu, nyie laleni." Tukalala kweli. Huyo mtangazaji nikimpigia leo yuko hewani saa 24, hata siku ambayo hana kipindi.

Jamaa akafungua YouTube kwa Gmail yake. Instagram kwa namba yake ya simu. Nyimbo akazipandisha Boomplay, Audiomack na Spotify kupitia akaunti yake mwenyewe ya msambazaji, yaani kampuni inayopeleka nyimbo kwenye majukwaa hayo. Sisi tukapewa linki. Basi kila asubuhi mpwa wangu anahesabu watazamaji, mimi natupia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mashangazi wanajaza emoji za moto. Katika ukoo mzima, wenye wahasibu wawili na mwalimu mkuu mmoja, hakuna aliyeuliza pasiwedi anayo nani.

Kazi aliifanya, siwezi kumsingizia. Wimbo ukaingia kwenye daladala, ukapigwa kwenye sendofu za watu tusiowajua. Wa pili ukaenda mbali zaidi. Chaneli ikapita wafuatiliaji elfu sabini. Hapo jamaa akaanza kutaka asilimia 40 ya kila shoo, nikakataa, tukatoleana maneno, kila mtu akakata simu akijiona mshindi.

Haikupita muda mpwa wangu akanipigia. "Mjomba, kuna mtu yuko kwenye chaneli yangu." Nikadhani ni wale wezi wa mtandaoni. Nafungua, jina limebadilishwa, picha imebadilishwa, kuna kijana mwingine kabisa kavaa miwani ya jua usiku, na video zetu zimefichwa. Watu elfu sabini walilala wanamfuatilia mtoto wa dada yangu, wakaamka wanamfuatilia mtoto wa mtu mwingine. Jamaa alikuwa amepata msanii mpya, akamkabidhi watu wetu kama mwenye nyumba anayempangisha mgeni chumba na vitanda vya mpangaji aliyefukuzwa.

Tukasema potelea mbali, tufungue chaneli mpya tupandishe nyimbo upya. Zikapigwa dai la hakimiliki. Na nani? Na yule msambazaji ambaye jamaa alimtumia mara ya kwanza. Mfumo wa YouTube unaotambua sauti haumjui mtunzi, unamjua aliyetangulia kuuwasilisha wimbo. Kwa hiyo kwa mujibu wa mashine, mpwa wangu alikuwa anaiba sauti yake mwenyewe. Nilicheka siku ile. Mke wangu anasema hakikuwa kicheko.

Pesa ya matangazo usiniulize. AdSense, akaunti ya Google ya kulipwa hiyo pesa, inafunguliwa kwa jina la mtu na anuani yake. Mapato yakifika dola 10 wanatuma PIN kwa barua ya posta, na malipo yanatoka yakifika dola 100. Barua ile ilikwenda S.L.P. ya nani, unadhani?

Wakili naye swali lake la kwanza lilikuwa mna karatasi gani. Tulikuwa na sauti za WhatsApp, nyingi zinasema "usijali bro". Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi hata kama hajasajili kazi yake, ila kuthibitisha kwamba ni yako ni shughuli nyingine. Wimbo ukiwa umesajiliwa COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki Tanzania, kwa jina la mtunzi unakuwa na kitu cha kuweka mezani. Sisi tuliweka simu.

Na wakongwe wa humu wasiniambie zamani watu wa promo walikuwa waaminifu. Zamani hawakuwa na cha kuiba! Mtu wa promo alikuwa anazunguka na CD kwenye bahasha, anajua mtangazaji yupi anapenda nini, anapeleka picha kwenye magazeti ya udaku, Ijumaa, Risasi, Kiu, anarudi nyumbani na vumbi. Akikuzingua umepoteza CD na nauli. Wasikilizaji walikuwa wa redio, hawezi kuondoka nao. Sasa hivi hadhira inakaa ndani ya akaunti, na yule aliyekuwa mpeleka bahasha ndiye ameshika akaunti. Kazi imebadilika, sisi bado tunamwamini kwa vipimo vya enzi za bahasha. Diamond aliliona hili akajenga Wasafi TV na Wasafi FM, asibembeleze kituo cha mtu. Wewe huna pesa ya kujenga redio, lakini Gmail ni bure mkuu.

Sasa fanya hivi leo, kabla hujala. Gmail ya mdogo wako, kwa laini iliyosajiliwa kwa NIDA yake, siyo ya shemeji. Weka uthibitisho wa hatua mbili. Fungua chaneli, ingia YouTube Studio, nenda sehemu ya ruhusa, mwalike jamaa kama mhariri. Atapandisha video, atajibu maoni, ataona takwimu, lakini hawezi kuongeza wala kuondoa watu. Meneja usimpe, huyo anaweza. Kuna hata ngazi ya mhariri asiyeona mapato, mpe hiyo. Akaunti ya msambazaji nayo iwe kwa jina la msanii.

Kama ameshafungua chaneli na ni akaunti ya chapa (Brand Account, ile inayoweza kuwa na wamiliki zaidi ya mmoja), mwombe amuongeze mdogo wako kama mmiliki sasa hivi mkiwa bado mnacheka pamoja, maana lazima zipite siku 7 ndipo aweze kufanywa mmiliki mkuu. Siku 7 ni nyingi sana watu wakishagombana.

Atakuuliza "kwani bro hatuaminiani?" Mwambie ndiyo, hatuaminiani, na chai atakunywa yenye sukari au bila?

Kama kwenye kifurushi chake kuna "wasikilizaji laki moja", hao ni roboti. Tangu 2024 Spotify inamtoza msambazaji faini kwa nyimbo zenye usikilizaji bandia uliokithiri, na msambazaji hatailipa kutoka mfukoni mwake. Kiki ya mapenzi shauri yenu, ila muulizeni binti kwanza.

Uliuliza kitu kingine... redio au TikTok. Hilo sijui, wapo humu wanaolijua. Mpwa wangu yuko TikTok siku hizi, ana wafuatiliaji wachache kuliko mama ntilie wa mtaani kwetu, na pasiwedi kaninyima hata mimi.

Huyo jamaa wako jina lake linaanzia na herufi gani? Njoo PM.